Karakana ya Wageni

Ukipita mbele ya nyumba ile siku ya kazi, kabla hujafika mlangoni utakuwa umeshasikia cherehani, nyundo na ubishi wa kifamilia, vyote kwa pamoja. Sebule ndiyo karakana. Makochi ya mtaa mzima huletwa pale yakiwa yamebonyea, yamechanika, yamekojolewa na watoto na kukaliwa na mashemeji wazito, na pale ndipo yanapofumuliwa, yakajazwa sponji na kuvishwa nguo mpya. Mwenye karakana anaitwa Fundi, na jina jingine kama analo halitumiki. Mkewe wanamwita Mama Uzi, kwa sababu hajawahi kuonekana bila kipande cha uzi kilichomng'ang'ania mahali: begani, kwenye nywele, siku nyingine hata kwenye kope.

Familia hii ilikuwa na ufundi mwingine ambao haukuandikwa kwenye kibao cha nje. Bibi, mama yake Fundi, alikaa dirishani mchana kutwa akichomoa misumari kutoka kwenye fremu za zamani kwa koleo, jicho moja kwenye msumari, jingine barabarani. Akiona mtu mwenye faili kwapani au kitambulisho kinachoning'inia kifuani, alipaza sauti, "Chai tayari!" Papo hapo cherehani ilizimwa na kutupiwa shuka la maua, ikawa meza. Nyundo zilisukumwa kwa miguu chini ya makochi. Dada yake Fundi, ambaye kazi yake ni kukata sponji na kushona vifungo, alijipangusa na kukaa. Mrefu, seremala wa fremu, aliikunja miguu yake na kukaa. Mama Uzi alikaa. Kila mmoja alichukua kikombe kutoka kwenye sinia lililokuwa juu ya kabati, na karakana ikageuka sebule ya waungwana waliotembeleana. Vikombe havikuwa na chai. Havikuwahi kuwa na chai hata siku moja.

Usiwacheke haraka. Cherehani yao ya kwanza ilibebwa na watu wenye mafaili, ikapakiwa kwenye pikapu mchana kweupe, na Fundi hajawahi kuiona tena. Tangu hapo waliokuja kuulizia leseni, kodi, usafi na vyoo, wote waliwakuta wanakunywa chai. Fundi aliwaambia kwamba karakana ni ya mtu mmoja, na mtu mmoja hutozwa kidogo. Uongo ule ulikuwa mdogo na ulilala nao nyumba moja kwa miaka bila kumuuma mtu.

Siku uongo huo ulipomuuma mtu ilikuwa Jumanne. Mwanamke wa makamo, mwenye faili na viatu vilivyojaa vumbi, alikata kona, na Bibi hakupepesa macho.

"Chai tayari!"

Walikaa kwa mpigo mmoja, kama askari wa gwaride. Kilichosahaulika ni redio tu, ambayo ilibaki chini ya shuka la maua ikiendelea kusoma matangazo.

"Hodi wenyewe," alisema mwanamke.

"Karibu, karibu sana," Fundi alimpokea, mikono imeenea. "Umetukuta na wageni kidogo."

"Naona. Wageni wamejaa." Aliingia, akatazama kushoto na kulia. "Mimi ni afisa kutoka ofisi ya ajira. Tunazungukia karakana ndogo ndogo kuhusu ile sheria mpya ya afya na ajira. Bila shaka mmeisikia redioni."

"Redio yetu imekufa betri," alisema Fundi.

Meza ya maua ikatangaza bei ya mbolea. Dada yake Fundi alikohoa kwa nguvu, akakohoa tena, mpaka tangazo likaisha.

"Pole na kifua," Afisa alimwambia, kisha akamgeukia Fundi. "Hapa kuna wafanyakazi wangapi?"

"Ni mimi tu, Afisa."

"Huyu kaka je?"

"Binamu. Amekuja kutusalimia."

Mrefu aliinua kikombe, akavuta funda la hewa na kulimeza vizuri kabisa.

"Na huyu?"

"Dada yangu wa tumbo moja. Naye amekuja kutusalimia."

"Na huyu mama?"

"Huyo ni mke wangu. Yeye hafanyi kazi. Yupo tu nyumbani."

Mama Uzi alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Maumivu yaliyokuwa yakimjia na kuondoka kwa majuma, chini ya mbavu za kulia, yalichagua dakika ile kumshika barabara. Jasho lilimtoka usoni. Angependa kulia, lakini mgeni gani analia na chai mkononi? Basi alitabasamu. Afisa alimtazama usoni, kisha akatazama sindano iliyochomekwa kwenye kola ya gauni lake, na uzi mwekundu unaoning'inia.

"Mama, uko salama?"

"Niko salama. Ni joto tu."

"Sheria hii ni kwa faida yenu," Afisa alianza kumwambia Fundi. "Mtu akiwa na wafanyakazi…"

Fundi aliacha kusikia baada ya neno faida. Wale wa pikapu nao walianza na faida. Alitabasamu, akaitikia kwa kichwa mpaka mwisho, kisha akasema, "Mungu akubariki kwa kazi yako, ila hapa ni mimi tu." Afisa akaandika alichoambiwa, akaaga, akaenda zake.

Walisubiri mpaka Bibi alipotoa ishara kwamba barabara ni nyeupe, ndipo kicheko kilipolipuka. Mrefu aliigiza alivyomeza hewa. Fundi aliivua redio shuka na kuipiga kofi la utani. Dada yake ndiye aliyegundua kwamba kikombe kimoja hakijarudi kwenye sinia. Mama Uzi alikuwa sakafuni, amepiga magoti, kichwa kwenye mkono wa kochi, akipumua huku ameuma meno.

*

Daktari wa hospitali hakuwa na maneno mengi. Mama Uzi alikuwa na vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, na kifuko kile kilitakiwa kutolewa. Kwa sasa maumivu yametulizwa, lakini yatarudi, na kijiwe kikiziba njia mambo yatakuwa mengine. "Msikae nayo sana," alisema. "Ni upasuaji wa kawaida, tunaufanya kila juma. Nendeni dirisha la malipo mkapangiwe siku."

Dirisha la malipo lilikuwa na foleni nyuma na kioo mbele, na kioo kile kilikuwa na tundu dogo, kwa hiyo kila siri ya mgonjwa ilibidi isemwe kwa sauti.

"Mgonjwa anafanya kazi wapi?" aliuliza kijana wa dirishani.

Mama Uzi alimtazama mumewe. Fundi alitazama tundu la kioo.

"Yupo nyumbani," alisema.

"Wewe baba?"

"Nina karakana. Makochi."

"Vizuri, basi mko kwenye mfuko wa bima." Kijana alibonyeza bonyeza kompyuta yake. "Aa, hapana. Hapa karakana yako imeandikwa ni ya mtu mmoja. Tena imeingizwa juzi tu."

"Tofauti yake ni nini?"

Kijana alivuta pumzi ya mtu aliyeulizwa swali hilo tangu asubuhi. "Baba, karakana yenye wafanyakazi watatu inaingia kwenye bima mara moja. Wafanyakazi, wake zao, waume zao, watoto. Mwaka wa kwanza serikali inalipa nusu ya mchango ili mwajiri asiogope kuajiri. Makosa ya nyuma yamefutwa. Mtu mmoja mmoja anaingia pia, lakini anasubiri miezi sita. Mwisho wa kujiandikisha kwa awamu hii ni Ijumaa ijayo. Redio imesema mpaka imepiga chafya."

"Na tukilipa wenyewe?"

Kijana alitaja bei kwa sauti ile ile, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Ajuza mmoja aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni alisema "Mama yangu!" kwa niaba yao. Mwanaume mwingine akauliza kama kuna watu wanalipa au kuna watu wanapiga hadithi, na Fundi akamshika mkewe mkono wakatoka. Alikuwa na aibu, lakini Mama Uzi alikuwa na kitu kingine. Njia nzima alirudia lile neno kichwani: yupo, yupo, yupo. Hata kiti kipo.

*

Kesho yake Fundi alitangaza kwamba atauza cherehani.

Ilikuwa cherehani kubwa, ya kushona ngozi, iliyonunuliwa kwa kudunduliza. Karakana nzima iliizunguka kama familia inavyozunguka jiko.

"Nimepata mtu," alisema. "Anakuja mchana. Hela yake na ile ya makochi ya mwalimu mkuu, tunafikia. Ukipona tutatafuta nyingine."

"Si umesema kijana wa dirishani kasema makosa ya nyuma yamefutwa," alisema Mrefu. "Si twende tukaseme kweli? Watatu tupo. Mimi, dada yako, na Mama Uzi."

"Twende tukaseme tulimdanganya afisa wa serikali uso kwa uso? Wewe utaenda jela, mwenzangu, kwa vile ni mrefu utaonekana wa kwanza."

"Mimi niende jela kama nani? Kama binamu?" Mrefu aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu mpole, na wote walishangaa kumsikia akipandisha sauti. "Miaka yote hii mimi ni binamu yenu. Mjomba wenu alipofariki mkanichangisha. Shangazi yenu alipofariki mkanichangisha. Nimezika watu wa ukoo huu ambao sikuwahi kuwaona wakiwa hai! Halafu mke wangu akijifungua, mimi ni kibarua, hainihusu mtu. Nami nataka kadi, Fundi. Nami nina watoto wanaoumwa."

Bibi alicheka mpaka koleo likamdondoka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Nimesema ninauza," alisema Fundi, "na maneno yamekwisha."  Alimpenda mkewe kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba ile, na alimwogopa mtu mwenye faili kuliko kitu chochote kilichokuwa nje.

Mnunuzi alifika na tumbo lake na manukato yake. Aliizunguka cherehani, akaigonga kwa ukucha, akainama kutazama mkanda, akasema ni ya zamani, akasema rangi imebabuka, akasema siku hizi watu wanataka za kisasa. Kila alichosema kilipunguza bei. Mwishowe akasema, "Haya, niione ikifanya kazi."

Wote walimtazama Mama Uzi. Alikuwa amelala kwenye kochi la mteja, shuka la maua limemfunika mpaka kifuani. Aliamka taratibu, akajifunga kanga vizuri, akakaa kwenye stuli yake. Alichukua vipande viwili vya ngozi ngumu, akaviweka chini ya sindano, akaanza kushona pembe ya mto, ile pembe inayowashinda wengi kwa sababu ngozi hukunjana pale na sindano hukatika. Mkono wa kushoto ulisukuma, wa kulia ulizuia, na mshono ukazunguka pembe bila kusita.

Mnunuzi alipiga makofi mara moja. "Alaa! Mashine nzuri hii. Inashona yenyewe!"

Mama Uzi aliondoa mguu kwenye pedali. Akaondoa mikono kwenye ngozi, akaiweka mapajani.

"Haya," alisema. "Iache ishone."

Cherehani ilinyamaza. Mnunuzi alicheka, akidhani ni utani, kisha akaona kwamba yeye peke yake ndiye anayecheka. Mama Uzi hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Baba nanihii, siku ile ulisema sifanyi kazi. Nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa uongo na wote tuliujua. Ukiiuza hii, utakuwa umeufanya kweli. Nitatoka hospitali nimepona, nije nikae hapa nikiwa nipo tu." Alivuta pumzi, maana maneno marefu yalimuuma. "Mimi naogopa kupasuliwa. Naogopa sana, nikuambie ukweli. Lakini hilo la kuwa nipo tu naliogopa zaidi."

 Fundi alimwambia mnunuzi amwie radhi kwa usumbufu. Mnunuzi alitoka akinung'unika kuhusu watu wasiojua wanachotaka, na manukato yake yalibaki sebuleni mpaka jioni.

*

Ofisi ya ajira ilikuwa na mabenchi, na mabenchi yalikuwa na watu kama Fundi: wauza maziwa, vinyozi, mafundi baiskeli, mama mmoja wa kiwanda cha sabuni cha uani. Fundi alikuwa amevaa shati la harusi. Kila aliyeitwa alirudi akiwa huru, lakini hilo halikumtuliza. Zamu yake ilipofika alimkuta yule yule, viatu vile vile.

"Nakukumbuka," alisema Afisa. "Wewe ndiye mwenye wageni wengi."

Fundi alikuwa ameandaa hotuba nzima njiani, ikapotea yote. "Dada yangu, wale si wageni," alisema. "Ni wafanyakazi wangu. Nilikudanganya. Niliogopa."

Afisa hakushtuka. Aliweka kalamu chini.

"Kwa nini leo huogopi?"

"Leo bado naogopa. Ila mke wangu anaumwa."

"Yule wa joto?"

"Yule wa joto."

 Uso wa Afisa haukuwa wa ukali wala wa huruma. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka ambaye bado anaipenda kazi yake. "Sikiliza, baba. Wapo wanaokuja hapa kuniambia wana wafanyakazi ishirini wakati wana mbuzi wawili. Siwezi kubadilisha nilichoandika kwa maneno matupu. Nitakuja mwenyewe kabla ya Ijumaa kuisha, na sitasema siku. Nikikuta karakana, nitaandika karakana. Nikikuta wageni, nitaandika wageni, na hapo msinilaumu."

"Na mke anahesabika? Maana bila yeye ni wawili tu."

"Anafanya kazi?"

"Anafanya."

"Sasa unaniuliza nini?"

*

Fundi alirudi nyumbani na amri moja: kuanzia sasa, chai imekatazwa. Mtu akija na faili, akija na mafaili kumi, akija na bendera, kila mmoja abaki kwenye kazi yake. Alimwomba Bibi ahame dirishani kwa siku hizo chache. Bibi akasema mwanga wa kuonea misumari uko dirishani, na kwamba yeye si mtoto wa kuhamishwa hamishwa.

"Basi usiite, mama."

"Siiti. Nimesema siiti."

Jumatano hakuja mtu. Alhamisi alipita mwanaume mwenye faili, Bibi akaziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, na kumbe alikuwa mwalimu wa kwaya. Ijumaa asubuhi hakuja mtu. Mama Uzi alikuwa ameamka vibaya, maumivu yakimjia na kuondoka, lakini alisema atakaa kwenye stuli yake, maana afisa akija akamkuta amelala ataandika amelala. Alasiri dereva wa mkokoteni alikuja kuchukua makochi ya mwalimu mkuu, na Fundi ikabidi aende naye kuyashika yasianguke.

"Nusu saa tu," alisema mlangoni. "Naombeni, jamani. Msikae."

Mkokoteni ulipokata kona huku, Afisa alikata kona kule.

Bibi alimwona. Alikumbuka amri, alikumbuka ahadi, akakaza midomo. Lakini mdomo uliofanya kazi moja kwa miaka yote ile hauwezi kufundishwa nyingine kwa siku mbili, na kabla hajajua ni nani anayesema, alijisikia akisema kwa sauti kubwa na safi:

"Chai tayari!"

Miguu ilisikia kabla ya akili. Nyundo zilienda chini ya kochi. Dada yake Fundi alikuwa ameshakaa, kikombe mkononi, alipogundua alichofanya, na uso wake ukawa wa kijivu. Mrefu alikaa karibu naye, magoti yamefika kidevuni, kikombe kimefika midomoni. Hakuna aliyethubutu kuinuka wala kubaki. Afisa alikuwa amesimama mlangoni.

Cherehani peke yake haikuzimwa.

Mama Uzi alikuwa ameusikia wito kama wengine. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Lakini chini ya sindano kulikuwa na pembe ya mto wa ngozi, nusu imeshonwa, na pembe ukiiacha nusu, mshono unabaki na kovu. Aliutazama mkono wake kwenye swichi, akaurudisha kwenye ngozi. Alishona mpaka mwisho wa pembe, akakata uzi, ndipo akageuka.

"Karibu, Afisa," alisema.

"Asante." Afisa alikuwa anatazama kochi, vikombe na watu wawili walioganda. Alifungua faili polepole. "Nilisema nikikuta wageni…"

"Usiandike kwanza, nakuomba. Hawa hawajakaa. Wameshtuka." Mama Uzi alijishika ubavu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa sauti ya kazini, na wenzake waliijua. "Wifi, sponji ya mto wa kulia umeikata fupi, kaitoe. Mrefu, lile kochi la mama mchungaji bado linayumba mguu mmoja. Inukeni. Inukeni jamani, mbona mnanitazama?"

Waliinuka. Dada yake Fundi aliingiza mkono chini ya kochi kutafuta mkasi wake. Mrefu aligeuza kochi la mama mchungaji miguu juu na kuanza kupiga msumari, kikombe bado kimening'inia kwenye kidole kwa sababu alisahau kukiweka. Mshindo wa kwanza wa nyundo ulikuwa wa woga. Wa tatu ulikuwa wa kawaida.

Hivyo ndivyo Fundi alivyowakuta aliporudi mbio, mgongo umelowa. Alichokiona kwanza ni kile kikombe kwenye kidole cha Mrefu, akajua mambo yameharibika.

"Afadhali umefika," alisema Afisa. "Nina maswali yale yale. Huyu kaka ni nani?"

"Seremala," alisema Fundi. "Hata undugu hatuna."

"Tena nirudishiwe michango yangu ya misiba," alisema Mrefu bila kuinua kichwa.

"Na huyu?"

"Ni dada yangu kweli. Sponji na vifungo ni kazi yake."

"Na huyu mama?"

Fundi alimtazama mkewe, uzi mwekundu begani, jasho kwenye paji la uso, mkono ubavuni.  Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini mengi yalitakiwa kusemwa miaka mingi nyuma.

"Ni mshonaji," alisema. "Bila yeye, mimi nina mbao tu."

"Hayo ya mbao siyaandiki," alisema Afisa, akiandika. "Naandika mshonaji." Alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Watatu. Imetosha."

"Na mimi je?" Bibi aliuliza kutoka dirishani. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira kwamba analia. "Mimi ninayewaharibia?"

"Bibi, wewe kazi yako ni ipi?"

"Mlinzi."

Hapo ndipo Afisa alipocheka, kwa mara ya kwanza, kicheko cha mtu aliyetembea juma zima. Akatafuta pa kukaa. Dada yake Fundi alikipangusa kikombe kimoja, akatoa msumari uliokuwa ndani yake, akakimbilia jikoni. Alirudi na chai yenye moshi.

"Kaa, Afisa," alisema Mama Uzi. "Leo mgeni ni wewe tu."

*

Nisikudanganye kwamba siku ile mambo yote yalinyooka. Mchango wa kwanza, hata ukiwa nusu, uliwabana. Watu wa leseni nao walikuja kudai chao, na Fundi aliwalipa huku ameuma meno, halafu akashangaa kwamba hawakubeba kitu. Lakini kadi zilitoka. Mke wa Mrefu aliipitisha yake kwa majirani wote, kila mmoja akaishika kwa ncha za vidole. Na Mama Uzi alipasuliwa asubuhi moja ya kawaida, na jioni alikuwa ameshaulizia kama mto wa mama mchungaji umekwisha.

Alirudi nyumbani na amri ya daktari: asiinue, asishone, asiiname, mpaka aambiwe. Walimtandikia kochi la karakana lenye sponji mpya, pale pale sebuleni, kwa sababu alikataa kulazwa chumbani asikosikia kitu. Juu ya cherehani waliweka shuka la maua, safari hii kuzuia vumbi. Dada yake Fundi alikuwa anajifunza pembe, na sindano zilikuwa zinakatika.

Siku ya tatu aliingia mteja, mama mwenye makochi sita na haraka ya harusi. Alitazama stuli tupu.

"Fundi, mkeo yuko wapi? Mimi nataka mkono wake."

Mama Uzi, amefumba macho kwenye kochi nyuma ya rundo la sponji, alisubiri. Alilijua jibu: yupo, yupo tu. Alikuwa amelisikia mlangoni pale kwa miaka, kwa wateja na kwa wenye mafaili.

Nyundo ya Fundi ilisimama.

"Yuko likizo ya ugonjwa," alisema Fundi. "Akirudi kazini nitakuita."

Mama Uzi alicheka kimya kimya, mkono juu ya bandeji, akiomba nyuzi zisifumuke.